Ushahidi na Uthibitisho: Safari ya Jiometri Kutoka Ubaoni Hadi kwenye Kompyuta

Nyinyi mnaoishi upande huu wa kaskazini ya Stockholm mnaijua Novemba ya Upplands Väsby. Saa kumi jioni giza limeshatanda, treni za kutoka mjini zinashusha watu waliojifunika hadi puani, na kila mwenye mtoto wa shule anajua kwamba jioni hiyo ni ya meza ya jikoni: chai, maandazi kama kuna aliyepata nafasi ya kukanda unga, na kazi za shule.

Jioni moja ya namna hiyo binti yangu, aliye mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, alikuja na swali la jiometri. Chora umbo lolote la pembe nne. Tafuta katikati ya kila upande. Unganisha nukta hizo nne kwa mistari. Sasa thibitisha kwamba umbo lililopatikana ndani ni msambamba, yaani pande zake zinazotazamana ni sambamba. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Mfaransa Pierre Varignon, na ilichapishwa mwaka 1731, baada ya yeye kufariki.

Binti alifungua programu ya GeoGebra, akachora umbo lake, akashika kona moja kwa kipanya na kuivuta huku na huku. Umbo la nje likapinda, likarefuka, likajikunja. La ndani likabaki msambamba vile vile. Akanigeukia: "Umeona, Baba? Imeshathibitika." Akawa anataka kufunga kompyuta.

Nikamwambia bado. Akauliza, "Bado nini?" Hapo nikakwama, ndugu zangu. Nilijua kwamba bado, lakini sikuweza kusema ni kitu gani kilichobaki.

Sababu ya kukwama naijua. Nilisoma mkoani Tanga miaka ya themanini. Shule ya msingi tulifundishwa maumbo kwa Kiswahili, na maneno yale ninayo hadi leo: pembetatu, duara, msambamba, mistari sambamba. Uthibitisho ulikuja sekondari, na ulikuja kwa Kiingereza. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, tukakariri, na kwenye mtihani tukamrudishia maneno yake yale yale. Wengi tulifaulu. Lakini sikumbuki siku hata moja niliyojiuliza kwa nini pembetatu inahitaji kuthibitishiwa jambo ambalo macho yanaliona. Usiku ule, baada ya mtoto kulala, nilianza kusoma, na ninayoandika hapa ni niliyoyapata.

Nianze na lugha. Kiswidi kina neno bevis. Neno hilo ni la mahakamani, ni la darasa la hisabati, na limo hata ndani ya personbevis, ile karatasi ya Skatteverket ambayo kila mmoja wetu amewahi kuiomba ili aonyeshe kwamba yupo na anaishi mahali fulani. Kiswahili kinatofautisha. Ushahidi ni wa shahidi: mtu aliyeona anasema alichokiona, nasi tunaamua kumwamini au la. Uthibitisho unatokana na kuwa thabiti, yaani jambo limesimama lenyewe na halitikisiki hata shahidi akiondoka. Binti alikuwa na ushahidi. Aliona misambamba mia, labda mia mbili. Kazi aliyopewa ilikuwa ya uthibitisho, na kwa Kiswidi mambo hayo mawili yanabeba jina moja.

Aliyeifanya tofauti hiyo kuwa kazi ya maisha alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini kwa makazi, ingawa Mgiriki kwa lugha. Euclid alifundisha Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Vitabu vyake 13 vinaanza na mambo machache yanayokubaliwa bila kuthibitishwa, kisha kila kanuni inajengwa juu ya zile zilizotangulia, kama matofali. Zama za Harun al-Rashid vilitafsiriwa Baghdad kwa Kiarabu, na katika karne ya 12 Mwingereza Adelard wa Bath akavitoa kwenye Kiarabu na kuvitia katika Kilatini. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kuwa na hakika.

Kompyuta zilipotokea, swali likaja lenyewe: kama uthibitisho ni kufuata hatua zilizo wazi, kwa nini mashine isizifuate? Mwaka 1956 Mmarekani Marvin Minsky alijaribu kwa karatasi na kalamu, akifuata hatua ambazo mashine ingezifuata. Alichukua kanuni ya zamani: pembetatu ikiwa na pande mbili zilizo sawa, basi na pembe mbili za chini ni sawa. Vitabu vya shule kwa kawaida huongeza mstari wa katikati. Hatua za Minsky hazikuongeza chochote. Zilimfikisha mahali pa kuilinganisha pembetatu na yenyewe, upande wa kushoto kwa wa kulia, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Pande zinalingana, pembe ya juu ni ile ile, basi pembe za chini haziwezi kutofautiana. Uthibitisho huo alikuwa nao Pappus, naye wa Alexandria, zaidi ya miaka 1600 nyuma.

Mwaka 1959, kwenye mkutano wa Paris, Herbert Gelernter wa kampuni ya IBM alieleza programu kamili ya jiometri iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya IBM 704. Jambo lililonivutia ni kwamba programu hiyo ilipewa mchoro. Kila ilipofikiria kujaribu njia fulani, iliangalia kwanza kama mchoro unaikubali, na kama haukubali, iliiacha. Kwa hiyo ushahidi wa macho haukudharauliwa. Ulitumika kuchagua njia.

Programu ile iliweza maswali ya kidato, lakini njia za kujaribu huongezeka haraka mno, na mashine ikapotea ndani yake. Ufunguo mwingine ulikuwa umeshatengenezwa zamani, na mwenye ufunguo huo alifia hapa hapa Stockholm.

René Descartes, Mfaransa, alionyesha mwaka 1637 kwamba jiometri inaweza kugeuzwa kuwa hesabu. Kwa namna tunayoifundisha leo, kila nukta inapewa namba mbili, moja ya kwenda kando na nyingine ya kupanda juu, na tangu hapo mistari inakuwa milinganyo. Oktoba 1649 alikuja Uswidi kwa mwaliko wa Malkia Christina, ambaye alitaka kufundishwa falsafa saa kumi na moja alfajiri, katikati ya majira ya baridi. Tarehe 11 Februari 1650 akafariki kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka 1666 mabaki yake yalisafirishwa kurudishwa Ufaransa. Sisi tuliowahi kuzungusha daftari la michango ili kumrudisha mwenzetu nyumbani tunajua safari za namna hiyo. Ndani ya kanisa la Adolf Fredrik, katikati ya mji, ipo kumbukumbu yake.

Ukitumia njia ya Descartes, swali la binti yangu linakuwa hesabu fupi. Ziite kona A, B, C na D. Katikati ya A na B ni jumla yake kugawanya kwa mbili, na hivyo hivyo kwa pande nyingine. Toa nukta ya katikati ya AB kutoka kwa ile ya katikati ya BC: B inajifuta, unabaki na nusu ya tofauti ya C na A. Sasa toa nukta ya katikati ya DA kutoka kwa ile ya CD: D inajifuta, unabaki na nusu ya tofauti ile ile ya C na A. Pande mbili za umbo la ndani zina urefu mmoja na zinaelekea upande mmoja. Hakuna mchoro uliohitajika, na mashine inaweza kuyafanya hayo bila kujua pembenne ni kitu gani.

Alfred Tarski, Mpolandi, alithibitisha kwamba kwa jiometri ya msingi ipo njia ya kimashine inayoweza kujibu ndiyo au hapana kwa kila swali. Agosti 1939 alikwenda Marekani kwa mkutano, vita vikaanza nyuma yake, akabaki huko na familia yake ikiwa Poland. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1948. Njia yake ni sahihi, lakini ni ndefu kiasi kwamba hata kompyuta za leo huchoka nayo.

Aliyeifanya kazi hii iwezekane ni Wu Wen-tsün wa China. Alizaliwa Shanghai mwaka 1919, akasoma Ufaransa, na mwaka 1951 akarudi kwao. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipelekwa kiwandani Beijing, na huko akaziona kompyuta. Akiwa anakaribia miaka 60, umri ambao wengi wetu tunapiga hesabu za pensheni, alijifunza kuandika programu. Njia yake aliyoitoa mwaka 1977 inayageuza maelezo ya kanuni kuwa milinganyo, kisha inaipunguza hatua kwa hatua hadi ionekane kama jibu ni sifuri. Aliijaribu kwanza kwa mkono. Mwaka 1988 Shang-Ching Chou, aliyekuwa Texas, alitoa kitabu chenye kanuni 512 zilizothibitishwa na kompyuta, na msingi wake ulikuwa njia ya Wu.

Katika kazi ya Wu ndipo nilipokutana na jambo lililonigusa kuliko yote. Njia yake haijibu tu kwamba kanuni ni kweli. Inakuambia ni kweli kwa sharti gani. Pembetatu, ndiyo, lakini isiwe nukta tatu zilizolala kwenye mstari mmoja. Mistari miwili inayokutana, sawa, lakini isiwe sambamba. Masharti hayo vitabu vya shule havikuyaandika, kwa sababu mchora ubaoni hachori pembetatu iliyolala. Mashine haina aibu ya kuuliza jambo ambalo sisi tunaona halina haja ya kusemwa.

Kesho yake nilimwomba binti afungue tena mchoro wake, nikamwambia avute zile kona nne mpaka zote zilale kwenye mstari mmoja. Akavuta. Umbo la ndani likajikunja, likawa uzi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hapa si msambamba tena." Jana yake alikuwa amevuta mara mia na hakuipata hali ile, kwa sababu mkono huwa hauendi huko wenyewe. Hapo ndipo alipoelewa neno langu la bado, na mimi nikalielewa pamoja naye.

Kuna upande wa pili wa habari hii. Mashine ikisema imethibitisha, nani ataithibitisha mashine?

Wale wa Tanga wanakumbuka machungwa ya Muheza yanavyopangwa barabarani: safu ya chini, kisha kila chungwa la juu linakaa kwenye kishimo kati ya yale ya chini. Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema kwamba hakuna namna ya kupanga mipira iliyo sawa itakayobana kuliko hiyo. Inajaza kama asilimia 74 ya nafasi. Wauza machungwa wana ushahidi wa miaka mingi. Uthibitisho ulitangazwa mwaka 1998 na Mmarekani Thomas Hales, na ndani yake mlikuwa na hesabu nyingi za kompyuta. Jarida lililopokea kazi hiyo liliweka wakaguzi 12. Baada ya miaka kadhaa wakasema wana hakika kwa asilimia 99, na hawawezi kukagua zaidi. Ilichapishwa mwaka 2005, lakini Hales hakuridhika na ile asilimia moja. Mwaka 2003 alikuwa ameshaanzisha mradi wa kuandika upya kila hatua kwa lugha ambayo programu ya ukaguzi inaweza kuisoma. Ulimalizika Agosti 2014, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwemo vijana wengi wa Vietnam.

Programu za ukaguzi zina deni kubwa kwa mji huu tunaoishi jirani nao. Per Martin-Löf, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Stockholm, tangu mwaka 1971 alijenga lugha ambamo kila kauli ya hisabati ni kama kufuli, na uthibitisho wake ni kama ufunguo. Kupata ufunguo kunataka akili. Kujua kama ufunguo unafungua kufuli hakuhitaji akili nyingi: unajaribu tu. Mawazo hayo yamo ndani ya Coq ya Ufaransa, iliyobadilishwa jina kuwa Rocq mwaka 2025, ndani ya Agda iliyotengenezwa Göteborg, na ndani ya Lean, iliyoanzishwa mwaka 2013 katika kampuni ya Microsoft. Na msione haya kujua kwamba toleo la kwanza la Martin-Löf lilikuwa na kosa. Mfaransa Jean-Yves Girard alionyesha kwamba ndani yake kauli hata ya uongo ingeweza kuthibitishwa. Martin-Löf alirekebisha, akaendelea. Mwaka 2020 yeye na mwenzake Dag Prawitz walipewa tuzo ya Rolf Schock hapa Uswidi.

Hata Euclid amepitishwa kwenye ukaguzi huo. Mwaka 2019 Michael Beeson, Julien Narboux na Freek Wiedijk walichapisha kazi ya kukagua kwa kompyuta kanuni zote 48 za kitabu chake cha kwanza. Mapengo yalikuwepo, na mojawapo linajulikana zamani: kwenye kanuni ya kwanza kabisa Euclid anachora maduara mawili na kusema yanakutana, lakini hakuna mahali alipoonyesha kwamba lazima yakutane. Macho yake yaliona, naye akaandika. Kanuni zake zilisimama, lakini baada ya kuongezewa yale aliyoyaacha. Kwa hiyo hata mwalimu wa walimu aliwahi kuchukua ushahidi na kuuweka mahali pa uthibitisho, na mimi sikujisikia vibaya tena kwa miaka yangu ya kukariri.

Sasa tuko kwenye zama za mashine zinazobuni. Januari 2024 kampuni ya Google DeepMind ilitangaza AlphaGeometry, iliyotatua maswali 25 kati ya 30 ya jiometri yaliyochukuliwa kwenye mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi. Ndani yake kuna sehemu mbili. Moja imejifunza kubahatisha: ongeza nukta hapa, chora mstari pale. Nyingine haibahatishi, inafuata kanuni tu na kuona kama hatua zinafika. Julai mwaka huo toleo la pili lilitatua swali la jiometri la mashindano ya Bath, Uingereza, kwa sekunde 19. Mwaka 2025 mfumo mwingine wa kampuni hiyo ulipata alama 35 kati ya 42 kwa majibu yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, na waliosahihisha majibu hayo walikuwa wasahihishaji wa mashindano, watu wenye kalamu.

Nayasema haya kwa sababu watoto wetu wanakulia ndani ya hayo. Wataulizia kila kitu kwenye mashine na mashine itawajibu kwa sauti ya uhakika, iwe ya hisabati, ya dawa au ya historia ya kwao. Sisi wenyewe tumekuwa watu wa kudaiwa karatasi kila dirisha, hadi tumezoea kuona kwamba ukweli ni kile kilichopigwa muhuri. Historia ya jiometri inanifundisha tofauti. Walioziamini mashine kwa haki ni wale waliozijenga ili zikaguliwe. Wu aliandika masharti. Hales hakukubali asilimia 99. Martin-Löf alipoonyeshwa kosa alilirekebisha.

Binti alimaliza kazi yake siku ile. Kwanza aliandika sharti: kona nne zisilale kwenye mstari mmoja. Kisha akachora ulalo mmoja, mstari wa kutoka kona hadi kona inayoitazama, na pembenne yake ikagawanyika kuwa pembetatu mbili zenye msingi mmoja. Katika kila moja, mstari unaounganisha katikati ya pande mbili ni sambamba na ule ulalo na ni nusu yake. Kwa hiyo mistari hiyo miwili ni sambamba na ni sawa. Mistari sita ya Kiswidi, basi. Aliponisomea alinieleza kwa Kiswahili, na alipofika kwenye neno bevis alisita, akaniuliza lipi kati ya yale mawili. Nikamwambia achague mwenyewe. Akasema, "Uthibitisho."

Nawaomba na nyinyi, ndugu zangu, mtoto akikuonyesha jibu kwenye kioo cha simu au kompyuta, mpongeze kwanza, halafu muulize kwa lugha yako: umeliona tu, au limesimama? Na kama mzazi huna jibu, kaeni mezani mlitafute pamoja. Novemba ya Väsby ni ndefu, muda upo.